Moto Mdogo Unaopumua: Kweli na Uongo kuhusu Kubanika Nyama Polepole

Kaa kwenye benchi la kibanda chochote cha nyama mjini Tabora, iwe Ng'ambo, Isevya au Cheyo, na kabla nyama haijaiva utakuwa umeshapewa darasa zima la moto. Huyu anasema mkaa ujazwe mpaka juu. Yule anaapa kwamba pasipo moshi wa kutoa machozi hapana ladha. Mwingine anasisitiza nyama ibabuliwe kwanza, la sivyo itakimbiwa na maji yake. Umeyasikia haya yote, na huenda umeshawafundisha wengine.

Kwenye nyama choma ya haraka, kosa dogo la moto husameheka. Kubanika polepole ni shughuli nyingine. Tunazungumzia jiko la pipa: pipa la lita 200 ambalo fundi wa kuchomelea amelipasua kwa urefu, akalitia bawaba, wavu, bomba la moshi na tundu la hewa upande wa chini. Liwe pipa lisilowahi kubeba kemikali wala dawa za mashamba, na lichomwe likiwa tupu kabla ya kupikiwa chochote. Humo ndani kidari cha ng'ombe kinakaa saa nane, hata kumi na mbili, katika joto la nyuzi 110 hadi 135 za Sentigredi. Kwa ng'ombe wetu wa kienyeji, anayeshinda njiani akitafuta majani na maji, huu ndio upishi unaomfaa. Nyama yake imejaa kolajeni, ile tishu ngumu inayoshikilia misuli, na kolajeni hailainiki kwa pupa.

Na ukanda huu si mgeni wa moto wa taratibu. Njia ya misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilipitiwa na watu waliojua kukausha kitoweo juu ya uchanja. Kigoma bado wanabanika migebuka ya Ziwa Tanganyika. Wakulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua na Sikonge hulinda joto la bani, yaani nyumba ya kukaushia majani, usiku na mchana kwa siku kadhaa. Basi katika kuzipima kauli hizi tutawasikiliza wao, na tutawasikiliza wanasayansi pia. Hukumu kwanza, sababu baadaye.

1. "Ukitaka joto kali ongeza mkaa, ukitaka la chini punguza mkaa."

UONGO. Kiasi cha mkaa huamua moto utadumu saa ngapi. Ukali wake huamuliwa na hewa.

Shahidi wa kwanza ni mchoma mkaa. Anapanga magogo, anayafunika kwa majani na udongo, anawasha, kisha kazi yake kubwa inakuwa kuzunguka tanuri na kuziba kila ufa unaotoa moshi usiotakiwa. Ndani kuna kuni za kutosha kuwaka moto wa kutisha, lakini haziwaki hivyo kwa sababu zimenyimwa hewa. Akilala, ufa ukafunguka, asubuhi anakuta majivu.

Pipa lako linafuata kanuni hiyohiyo. Mwaga mkaa usiowashwa upande mmoja, kisha weka juu ya ukingo wake makaa machache yaliyokwisha kushika vizuri. Moto utatambaa kidogo kidogo kutoka kipande hadi kipande badala ya kulipuka wote kwa pamoja. Anza na tundu la chini likiwa wazi kabisa. Kipimajoto kikikaribia nyuzi 90, lifunge hadi nusu. Kikifika 105, libakize upana wa kidole kimoja au viwili, kisha mikono nyuma! Subiri dakika 10 hadi 15 kabla ya kugusa tena, maana chuma na makaa haviitikii papo hapo. Bomba la juu usilizibe. Moshi uliotumika lazima upate pa kutokea. Usingoje joto livuke 135 ndipo ukimbilie kubana hewa: kupandisha joto ni kazi ya dakika chache, kulishusha kunaweza kukumaliza saa nzima.

2. "Ukifunua mfuniko, jiko linapoa."

NUSU KWELI. Hewa ya moto hutoka mara moja na kipimajoto hushuka. Lakini wakati huohuo umeyapelekea makaa hewa tele. Ukishafunika, baada ya dakika chache joto hupanda kupita pale lilipokuwa. Ndiyo maana mtu anayechungulia kila mara analalamika kwamba pipa lake lina wazimu, mara baridi, mara tanuri. Pipa halina tatizo. Funua unapokuwa na kazi ya kufanya, fanya haraka, funika.

3. "Moshi mwingi ndio ladha nyingi."

UONGO. Huu ndio unaoharibu nyama nyingi kuliko uongo mwingine wote. Moshi mweupe mzito unatoka kwenye kuni mbichi, au kuni zinazofukuta bila hewa ya kutosha. Umebeba lami na masizi yanayoganda juu ya nyama na kuacha uchungu unaong'ang'ania ulimi. Moshi unaoutaka ni mwembamba, wa rangi ya buluu hafifu, kiasi kwamba ukisimama mbali huenda usiuone, ila harufu yake inakufikia.

Tazama bomba la pipa lako katika dakika za mwanzo baada ya kutupia kipande cha kuni. Moshi utatoka mweupe na mzito. Kuni zikishika vizuri, utapungua, utakuwa wa kijivu, kisha utaanza kupenya mwanga hadi uone mti ulio nyuma yake. Hapo ndipo nyama iingie.

Hapa pia ndipo kanuni ya kwanza inapokamilika. Ukiwasha mkaa wote kisha ukaukaba ili joto lishuke, utapata moto unaofukuta na moshi mchafu. Dawa ni kuwasha kidogo tangu mwanzo: moto mdogo unaopumua vizuri, badala ya moto mkubwa uliokabwa koo.

4. "Vipande vya kuni vilowekwe kwanza ili vitoe moshi mzuri."

UONGO. Ukitaka ushahidi, pima kipande cha mti mgumu kwenye mizani, kiloweke saa moja, kifute, ukipime tena, kisha ukipasue. Uzito umeongezeka kidogo tu, na ndani ni kikavu kama kilivyokuwa. Yale maji machache ya juu lazima yaishe kwanza ndipo kuni ipate joto la kutoa moshi wa kweli, yaani zaidi ya nyuzi 200. Unachokiona mwanzoni na kukisifia ni mvuke, na wakati huo maji yamekupozea makaa.

5. "Kuni ni kuni, mti wowote unafaa."

UONGO, na hapa wazee wako sahihi kabisa. Waliokukataza kupikia mnyaa, ule mti wa utomvu mweupe unaopandwa kuzungushia maboma, hawakuwa wakikutisha bure. Utomvu wake ni sumu inayounguza ngozi na macho, na moshi wake nao si wa kuchezea. Misonobari ina utomvu wa aina nyingine unaotoa masizi na ladha ya tapentaini. Mbao zenye rangi, na nguzo zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, ziondoe kabisa karibu na chakula.

Miti migumu ya miombo kama myombo na mtundu hutoa mkaa mzito unaodumu. Kwa harufu, matawi makavu ya mpera, mchungwa au mlimau uliyopogoa uani yanatosha sana. Vipande viwili au vitatu vya ukubwa wa ngumi vinamaliza kazi, kwa sababu nyama hupokea moshi vizuri zaidi mwanzoni, ikiwa bado ya baridi na yenye unyevu juu.

Na lile zoea la kuwashia mkaa kwa mafuta ya taa au mfuko wa plastiki liache. Chini ya mfuniko, harufu hiyo haina pa kwenda isipokuwa kwenye nyama.

6. "Nyama ibabuliwe kwanza ili maji yafungiwe ndani."

UONGO. Kauli hii ina baba anayejulikana: Justus von Liebig, mkemia wa Ujerumani, aliyeieneza mwaka 1847. Wapishi wa Ulaya waliipokea, vitabu vikainakili, ikatufikia na sisi. Lakini ukipima nyama iliyobabuliwa na isiyobabuliwa, ile iliyobabuliwa haihifadhi maji zaidi. Mara nyingi imepoteza zaidi. Mwandishi Harold McGee aliizika hadharani mwaka 1984 katika kitabu chake cha sayansi ya mapishi. Na masikio yako yanatosha kuwa mashahidi: ile sauti ya kuchachatika ni maji yanayotoka.

Kubabua kunaleta rangi na ladha ya juu, na hilo ni jambo jema. Kwenye kubanika polepole, gamba jeusi lenye ladha linajijenga lenyewe.

7. "Mafuta yakidondokea kwenye makaa ndio utamu wenyewe."

NUSU KWELI, na nusu ya pili ni ya hatari. Moshi wa mafuta yanayoungua una ladha yake, na ndio unaotuvuta kwenye mishikaki. Lakini mafuta yakidondoka juu ya makaa kwa saa nane, yanazalisha benzopyrene na kemikali za jamii yake zinazosababisha saratani. Nchi za Umoja wa Ulaya kwa kawaida haziruhusu samaki wala nyama ya moshi iliyozidi mikrogramu 2 za benzopyrene kwa kilo.

Suluhisho ni mpangilio. Makaa yakae upande mmoja wa pipa, nyama upande wa pili, na chini ya nyama uweke sufuria pana yenye maji. Sufuria inapokea mafuta, na maji yanalituliza joto, kwa kuwa yanameza ukali wa moto unapopanda ghafla.

8. "Joto la nyama likigoma kupanda, moto umezidiwa. Ongeza makaa."

UONGO. Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Kidari kinapanda vizuri mpaka ndani kifike nyuzi 65 au 70, kisha kinasimama. Saa moja, saa mbili, wakati mwingine zaidi. Pipa linasoma 120, wageni wameshaanza kuuliza, na nyama imegoma.

Kinachotokea ndicho kinachopoza maji ya mtungi. Unyevu unapanda hadi juu ya nyama, unageuka mvuke, na mvuke unaondoka na joto. Joto linaloingia likilingana na linaloondoka, nyama inasimama palepale. Mwanafizikia wa Marekani, Greg Blonder, aliithibitisha hoja hii kwa kuweka ndani ya jiko sponji lililoloa maji na bonge la mafuta ya ng'ombe. Sponji liligoma kama nyama inavyogoma. Bonge la mafuta, lisilo na maji ya kupoteza, lilipanda bila kusita.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kusubiri, kwa sababu hata katika joto hilo kolajeni inaendelea kuyeyuka taratibu kuwa rojo ingawa kipimajoto kimelala. Ya pili ni kuifunga nyama kwa foili au jani la mgomba lililopitishwa motoni, mvuke ukose pa kwenda. Kwa nyama ya ng'ombe wa kienyeji isiyo na mafuta mengi, kufunga ni busara, inaiokoa isikauke. Ukiongeza makaa utaunguza nje huku ndani kukiwa kugumu.

Mkulima wa tumbaku ya mvuke analijua somo hili. Bani huanza na nyuzi 35 hivi mpaka majani yageuke manjano, kisha joto hupandishwa hatua kwa hatua hadi karibu 70 ili vikonyo vikauke. Akiharakisha, majani yanakaukia ukijani na bei inaanguka sokoni. Moto una ratiba yake, na anayeiruka hulipa.

9. "Mkono wangu ndio kipimajoto."

NUSU KWELI. Kwa makaa ya wazi, mpishi mzoefu anayeweka kiganja juu ya wavu na kuhesabu ni mpimaji mzuri, na ujuzi huo uheshimiwe. Ndani ya pipa lililofunikwa haufai. Tofauti ya nyuzi 110 na 150 mkono hauioni vizuri, nyama inaiona. Hata kipimajoto kilichopachikwa kwenye mfuniko kinasoma hewa ya juu, ambayo inaweza kutofautiana sana na ile ya wavuni. Weka kimoja usawa wa nyama, na kingine cha sindano cha kuichoma ndani.

Ukitaka kukihakiki, kitumbukize kwenye maji yanayochemka. Ila usingoje kisome 100. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka karibu na nyuzi 96. Kikisoma 96 ni kizima, usikitupe.

10. "Wekundu chini ya gamba ni dalili ya ubichi."

UONGO. Gesi zinazotoka kwenye kuni na mkaa, hasa oksidi ya naitrojeni na kaboni monoksaidi, hushikana na mayoglobini, rangi ya asili ya misuli, na kuizuia isigeuke kahawia. Ndiyo maana nyama iliyobanikwa saa kumi inaweza kuwa na utepe wa waridi pembeni. Kuiva hupimwa kwa joto la ndani: kuku afike nyuzi 74 bila mjadala, na kidari huwa laini kinapokaribia 90 hadi 95.

11. "Majani ya mpapai hulainisha nyama."

KWELI. Mpapai una kimeng'enya kiitwacho papaini kinachokatakata protini, na viwanda hukiuza kikiwa unga kwa kazi hiyohiyo. Bibi aliyefungia nyama kwenye majani ya mpapai alikuwa sahihi. Angalizo moja: papaini huchangamka kadiri nyama inavyopata joto, na kwenye kubanika polepole nyama inapita taratibu mno katika kiwango hicho kabla kimeng'enya hakijafa. Ukiacha majani au utomvu mwingi, juu patakuwa uji. Saa moja inatosha, kisha ufute.

12. "Kilichobanikwa hakiozi."

KWELI, KWA SHARTI. Wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Kaze, Tabora ya leo, Novemba. Ilikuwa karibu miezi mitano. Wapagazi waliishi kwa nafaka, na nyama ilipopatikana ilikatwa nyembamba ikakaushwa juu ya moto ili iende nao. Migebuka ya Kigoma inasafiri kwa hekima ileile: inabanikwa mpaka iwe mikavu na myepesi mkononi.

Kinacholinda ni ukavu, pamoja na chumvi ikiwepo. Moshi unasaidia, lakini ni msaidizi. Kidari chako laini kinachochuruzika rojo bado kimejaa maji, na bakteria wanakipenda kama nyama nyingine yoyote. Kikitoka motoni kiliwe, na kinachobaki kiingie kwenye friji kabla ya saa mbili kupita. Anayekiacha mezani mpaka kesho kwa kuwa "ni cha moshi" anahatarisha familia.

13. "Mkaa hauna moshi, hata ndani ya nyumba hauna neno."

UONGO UNAOUA. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na mkaa unaoungua kwa hewa ya kubanwa, kama tunavyofanya kwenye pipa, huizalisha kwa wingi. Mvua ya masika ikikukuta, hamishia pipa chini ya paa lililo wazi pande zote. Usilitie sebuleni, gereji wala jikoni, hata kama makaa yanaonekana yamekufa.

Hukumu ya jumla

Wazee wameshinda kwenye mambo makubwa: kuchagua kuni, kutumia mpapai, kukausha kitoweo cha safari, na zaidi ya yote, kutokuwa na pupa. Walioshindwa ni mashabiki wa mkaa mwingi, moshi mzito na kubabua. Na tofauti yao haiishii kwenye sahani. Kwenye tanuri la kienyeji, kilo 100 za kuni hutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa. Anayejaza pipa na kuacha matundu wazi anachoma miombo bure.

Kwa hiyo, kabla hujawasha tena, nunua kipimajoto, mwambie fundi azibe nyufa za pipa lako na aweke tundu la chini linaloweza kufungwa na kufunguliwa. Washa makaa machache, yape hewa kwa kipimo, na uyaache yafanye kazi yake.